Ila

Ukutani mwa zahanati yetu, Kariobangi Kaskazini,
wamebandika nyuso sita, za duara kama vitumbua:
wa kwanza unacheka, wa mwisho unabubujikwa na machozi.
Chini yake namba, sufuri mpaka kumi.
"Mwonyeshe mgonjwa," walituambia kwenye semina,
"aguse uso wake. Dakika moja. Basi."

Mzee Lokwang', bawabu wa ghala la saruji,
mguu umevimba hadi kiatu kimepasuliwa kwa wembe,
alizitazama nyuso zile mmoja mmoja
kama baba anayekagua wakwe,
akagusa unaocheka.
"Huyu," akasema, "ndiye mwenye adabu."

Nikaandika sufuri. Nikaita, "Anayefuata!"

Bi. Syombua alijibu, "Namshukuru Mungu,"
na Mungu hana namba kwenye fomu yetu.
Kijana wa Dandora, kidole kinaning'inia kwa ngozi,
akacheka: "Niko poa, sista, ni kakitu tu."
Mama Kerubo alianzia mwaka juzi,
shemeji, majani chai, mvua iliyochelewa,
nami kalamu naigonga mezani, ko, ko, ko,
sikujua uvimbe ulikuwa mwisho wa barabara hiyo.

Kumi alisema mmoja tu mwaka mzima,
mwanafunzi aliyeumwa na nyuki.

Mimi mzaliwa wa Vanga ningepaswa kujua.
Kwetu mtu huulizwa hujambo hata akiwa hoi kitandani,
naye hujibu sijambo,
yaani sina jambo,
na huku jambo limemkalia kifuani
na viatu vyake.
Asubuhi aliyokufa babu, jirani alipiga hodi.
"Habari za kuamka?"
Mama akajibu, "Njema."
Akakaza kanga. Akameza mate.
"Ila babu yao katutoka."

Njema kwanza. Mlango haufunguliwi kwa teke.
Ila huja nyuma, taratibu,
imevua viatu.

Nairobi ilinifunza kukata maneno.
Hata simu za Mama nikaanza kuzipima:
yeye bado yuko kwenye hali za watu,
za mbuzi, za Mwanamkasi wa mlango wa pili,
za mnazi ulioangukia choo,
mimi nimeshasimama: "Mama, kuna neno? Nina wagonjwa."
Kimya kidogo. Redio yake kwa mbali
inasoma matangazo ya vifo vya watu wengine.
"Hapana, mwanangu. Salama tu."

Ila aliniletea kaka, siku ya nne, kwa ujumbe mfupi.
Maneno matano. Bila salamu.

Sasa nina kiti cha plastiki, nimekinunua mwenyewe.
Nakiweka ubavuni mwa meza, si mbele yake.
Naulizia mvua. Naulizia watoto,
mwenye nyumba, maji kama yamerudi.
Daktari Muthengi analalamika: foleni imefika kwa muuza mkaa.
Jana alinipungia fomu usoni.
"Sista Mwanasiti, hii ni nini?
Penye namba umeandika *njema*, halafu mstari mtupu."

"Bado hajafika, daktari."

Jumanne hii Mzee Lokwang' karudi.
Tumewamaliza mbuzi wake wote,
walio hai na waliokwenda na kiangazi.
Nje mtu anapiga mluzi, mwingine anasonya,
mtoto analia kwa ajili ya chumba kizima.
Anazitazama nyuso za ukutani.
Ananitazama mimi.
Anashusha pumzi,
anainama,
anaanza kuvua kiatu.