Dodoso

Manispaa ya Manaus inataka kujua
watu wanalalaje.
Miaka mitatu tangu barakoa zigeuke matambara ya jikoni,
imekumbuka kuuliza.
Basi napanda ngazi za mbao mtaani Compensa,
fomu kwapani, kalamu mbili mfukoni,
maana moja hugoma
pale pale mtu anapoanza kusema.

Katika wiki mbili zilizopita,
umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda?
Sifuri ni hapana. Tatu ni kila siku.
Osmarino, fundi wa friji, anakuna kidevu.
"Niandikie moja na nusu."
Hakuna nusu, namwambia.
"Basi serikali haijui kuhesabu."
Tunacheka.
Mkewe, kwa heshima ya mgeni, anafungua soda,
fsss,
na kiti cha Osmarino ki kitupu.
Yuko nje, mikono magotini,
anaitazama barabara kama mtu aliyedondosha funguo.

Mkewe anaifunga chupa polepole,
kama anayemfunika mtoto.
"Nilisahau," aninong'oneza. "Ni ile sauti.
Alipanga foleni siku mbili kupata mtungi wa oksijeni,
akaubeba begani, ngazi zote hizi ulizopanda.
Ulikuwa unavuja njia nzima, sikioni mwake,
naye akidhani ni pumzi zake mwenyewe.
Kaka yake alikuwa chumba hicho unachokiona."
Natazama. Pana cherehani, na pasi.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha soda.
Naandika mbili.
Nafuta.
Naandika tatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Hawakusema lolote
juu ya maradhi yaliyokuja baada ya kifo,
yakavua viatu mlangoni,
yakaketi na wenyeji mezani,
yakawa yanaitwa uchovu.

Nyumba ya kumi na moja imesimama juu ya kijito
kwa miguu yake myembamba ya miti.
Dona Lindalva halali ila runinga ikisema.
Mjukuu wake ananawa mikono;
nilipobisha hodi alikuwa ananawa,
nilipomaliza kahawa alikuwa bado ananawa.
"Mume wangu walimzika kwa tingatinga," asema,
"safu moja na watu asiowajua,
yeye aliyekuwa hasalimii hata majirani.
Nilipewa namba. Dakika tano, nyuma ya utepe.
Sasa wananiambia, mama, anua matanga, maisha yaendelee.
Mwanangu,
tanga lisilotandikwa
linaanuliwaje?"

Swali hilo si langu kulijibu.
Mimi nauliza la nne: uchovu, au upungufu wa nguvu.
Ananitazama.
Ananitazama kama anayesoma kibao cha mbali,
kisha ananyosha mkono:
"Hebu ilete kalamu. Wewe je?"

Mimi nilikuwa langoni mwa hospitali na orodha.
Si daktari, si muuguzi. Orodha tu.
Nilisoma majina ya wanaoingia.
Yale mengine sikuyasoma kwa sauti,
lakini nilikuwa nayaona, yamepangwa vizuri,
kwa mwandiko wangu.

Sifuri, namwambia.
La pili?
Sifuri.
Usingizi?
Sifuri, Dona Lindalva, nalala kama gogo.

"Kalamu yako imegoma," asema.
Nampa ya pili. Haitaki.
Anairudia ile ya kwanza, anaipumulia nchani,
anachora duara pembeni mwa fomu ya manispaa,
duara, na duara, na duara,
karatasi inakaribia kutoboka.
Hana haraka.
Bafuni maji yamenyamaza;
mtoto kaja kusimama mlangoni,
vidole vyekundu vinadondosha maji sakafuni.
Mvua inaanza kwenye mabati, tone, matone, kisha yote.

Wino unakuja.
"Haya," asema, "tuanze upya.
Swali la kwanza."