Mistari Miwili ya Mwanzo

Shangazi Ghaniya kafua kofia mbele ya simu,
dakika saba, Mabela, chumba cha nyuma,
kiyoyozi kikinguruma kama mgeni asiyejua kuaga.
Inaonekana mikono yake tu, pete ya fedha,
beseni la buluu.
Kazi safi. Kisha akaipandisha mtandaoni
kwa jina lile lile ililotoka nalo kwenye simu:
herufi tatu na tarakimu nane.
Chini, palipotakiwa maelezo, aliandika:
"Bismillahi. Karibuni."

Wiki tatu. Watazamaji kumi na mmoja.
Tisa ni sisi wa nyumba hii.

Nikamwambia, Shangazi, mashine haina macho.
Haioni povu, haiujui wanga.
Inasoma. Usipoiandikia, kwake wewe hukufua kitu.
"Basi iandikie," akasema. "Si wewe uliyesomeshwa?"

Nikaandika: Sanaa ya utunzaji wa vazi la kichwa la asili.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Mtu, saa nne za usiku, harusi kesho,
kofia imemwagikiwa chai,
ndiyo akatafute vazi la kichwa la asili?"

Nikafuta.
Mwenye shida hutafuta kwa maneno yaliyo kinywani mwake;
yangu hayajui, wala hana haja nayo.
Sisi humu ndani twasema kofia ya viua.
Jirani, mama yake Muhannad, asema kumma
(m mbili, Shangazi akanyanyua vidole,
m mbili, mwanangu, tusije tukaumbuka).
Tukayaweka yote mawili, mbele kabisa:

Jinsi ya kufua kofia ya viua, kumma, kwa mkono,
isisinyae wala isipoteze umbo.

Mistari miwili tu ndiyo inayoonekana.
Mingine hujificha nyuma ya "onyesha zaidi",
na aliyeachwa mlangoni juani, Agosti, Maskati,
hangoji kuambiwa kuna kahawa ndani.

Na Bismillahi yake?
"Nimeisema kabla hujaanza kuandika," akasema.
"Aliyetakiwa kuisikia kaisikia."

Yaarub akaja na hekima zake za chuo:
tia majina ya wachezaji mpira, tia ya waimbaji,
watu watamiminika.
Shangazi hakuinua hata kichwa.
"Aliyekuja kutazama bao akakuta beseni,
ataondoka na kunilaani. Sina nafasi ya laana."

Basi tukaandika yaliyomo, na dakika zake:
sifuri, maji ya uvuguvugu, si ya moto.
Mbili na kumi, sabuni, kwa ncha za vidole.
Nne, wanga, mwepesi kama uji wa mgonjwa.
Tano na nusu, bakuli la kuifunikia mpaka ikauke,
kivulini, jua la hapa halina huruma na uzi mweupe.

Watu wakaja. Si mafuriko; kama wateja wa duka la mtaani,
mmoja, wawili, Salala, Ibra, mmoja Tanga.
Na mashine ina tabia hii: hukuonyesha
maneno waliyoyaandika wakitafuta, majina yao haikupi.
Nikamsomea:

kofia imesinyaa nifanyeje
kumma ya harusi imeingia chai
("Sikukwambia?")
sabuni ya kofia ya viua
kufua kofia ya marehemu baba harufu yake isitoke

Akanyamaza.
"Hiyo ya mwisho, irudie."
Nikairudia. Akavua miwani, akaifuta kwa ukingo wa leso
ingawa haikuwa na vumbi.
Dakika zake saba hazikuwa na jibu lile.
Kiyoyozi kikazima chenyewe, kikawaka.

"Andika juu," akasema. "Juu ya maji, juu ya sabuni."
Nikaanza kumweleza kwamba mstari wa kwanza
lazima utaje kitu chenyewe, ndipo mashine...
"Utaje, basi."

Sasa ukitafuta, utakutana nao kabla ya mengine yote:

Kofia ya viua ya marehemu: usiifue bado.