Mwimo wa Mlango, Balat

Nyumba hii nimeipaka rangi mara tatu,
ila lile kovu la mshazari kwenye mwimo,
limeinama kama mtu anayetega sikio,
halikubali kuzibwa.

Mama mkwe alisema: makucha ya paka.
Fundi Remzi: mchwa.

Juzi akaja Bi Estreya na mkongojo wake,
akawapita vijana wanaopiga picha ngazini.
Alihama hapa mwaka wa arobaini na tisa,
kabebwa juu ya godoro.
Hakunisalimu. Akagusa pale pale,
akabusu vidole.

Nikateleka chai.
Akauliza kama choo bado kinavuja.
Kinavuja, nikamwambia,
tukacheka hadi jirani akachungulia
kati ya mashuka yake yaliyovuka njia.

Saruji ya mwimo nilishaikoroga.
Nikaipeleka chooni.