Gumba

Dukani kwa Nygaard, Montana, theluji imeziba nusu ya mlango.
Bastola zimelala chini ya kioo,
zote zikingoja mkono wa kulia.

Naomba ya kwanza. Kitufe cha usalama
kiko ng'ambo, kama swichi ya taa
katika nyumba ya wakwe.
Ya pili naijua tangu uwanja wa shabaha:
ganda la moto liliniruka usoni,
likateleza ndani ya kola,
nikacheza ngoma isiyo na mpigaji.

"Utazoea tu, Ardith," anasema Nygaard.

Nimezoea, bwana. Mikasi. Kifungua-kopo.
Mwalimu Opsahl, mwaka wa sitini na nane,
akinifunga mkono kitini kwa utepe wa nywele zangu mwenyewe.

Anakuna kidevu. Anaingia stoo.
Anarudi na kitambaa chenye mafuta; ndani yake,
kuukuu kidogo, kitufe huku na kitufe kule.
Gumba langu halikuuliza njia.

Sijui nicheke au ninune:
miaka sitini na minne nangoja kitu kinipokee,
na kitu chenyewe ni hiki.

Najaza fomu.
Kiganja kinafuta jina langu
kadiri ninavyoliandika.