Moshi wa Jumapili

Mjomba Mumbere hana mbabula ya bati.
Ana mawe ya lava, yale yale
yaliyoingia sebuleni bila hodi
yakala kabati, kitanda, picha za harusi.
Leo ameyapanga mviringo, kayatilia makala:
Haya, sasa pikeni polepole.

Ubavu wa nguruwe uko humo tangu alfajiri,
chumvi, tangawizi, vijiti vibichi vya mpera.
Mafuta yanadondoka, jiwe linafyonza.
Kifuniko hatugusi.
Ukifunuafunua, anasema, moshi unakuhama,
na Goma nzima itajua umepika nini.

Goma nzima inajua.

Shangazi Kavugho ni Msabato,
nguruwe hamli, hata kisu chake hakishiki.
Ila kila upepo wa ziwa unapogeuka,
naye anageuza kiti.