Bei ya Tela la Zamani

Twalibu ametupangia matela matatu uani kwake, Ipuli,
yameoshwa alfajiri, bado yanachuruzika.
Anapiga ubavu wa la kwanza kwa kiganja
kama auzaye ng'ombe mnadani:
"Alumini hii, mama. Haina kutu, haina kelele, haina shida."
Nawaza: sasa njiani tutazungumza nini?

Msonde amejilaza chali ndani ya la pili.
Miguu imetokeza mlangoni hadi vifundoni.
Mume wangu ni mrefu. Fundi Kapufi alilijua hilo,
alimpima kwa kamba ya katani kama anayepima jeneza,
wakacheka wote wawili, mimi sikucheka.
Ekseli ya Landirova iliyofia Kaliua,
mbao za mninga, bati la paa la shule,
na dirisha alilolisahau,
akaja kulikata kwa msumeno
sisi tukiwa tumeshalala ndani.

Misimu kumi na tisa.
Sikonge, Ipole, na kule mbele
ambako barabara huacha kuwa na jina,
tukiifuata mizinga kama wengine wanavyofuata mishahara.
Humo nimechuja nta, nimenuna, nimenuniwa.
Humo alizaliwa Nyamizi, saa tisa alasiri,
ndorobo wakigonga chandarua
kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumwona.
Kwenye mlango, upande wa kushoto, urefu wake kwa penseli.
Upande wa kulia, madeni:
*Kaswaka, asali debe mbili.*
Nyamizi amepanda mpaka juu ya bawaba.
Kaswaka yuko palepale.

Lakini nisiseme uongo.
Sakafu imeoza. Mwaka jana, usiku wa mvua,
Msonde aliamka kwenda haja, mguu mmoja ukapitiliza,
akasimama hivyo mpaka nikapata kiberiti,
nusu yake nyumbani, nusu yake Ipole.
Ndiyo maana tuko hapa.

"Hapa mama unaoshea vyombo," anasema Twalibu.
Maji yanatoka wapi?
"Kwenye tangi."
Na tangi tunalijaza wapi, huko porini?
Anafungua kabati, anatuonyesha kioo.
Asali ikimwagika?
"Haimwagiki."
Huyu kijana hajawahi kubeba asali.

Naingia la tatu, najifungia.
Nabisha ukuta: hauniitikii.
Nanusa: gundi, plastiki,
na hakuna mtu.
Lakini sakafu, nimeiruka mara tatu, imesimama.
Nitoke niseme nini? Sakafu ni sakafu.

Milioni saba, na la zamani atalichukua kwa laki moja,
bei ya chuma chakavu.
Msonde hajibu. Anatoa matobolwa mfukoni,
anaanza kutafuna.
Hivyo ndivyo anavyopatana bei.
Kipande cha kwanza: milioni sita na nusu.
Cha pili: sita na robo, na godoro juu.
Cha tatu nilimnyang'anya mwenyewe,
maana kijana alishaanza kutoa jasho
na mama yake namfahamu.

Jumanne tukaenda kulitoa vitu la zamani.
Msonde alitangulia, akasimama ghafla,
akavua kofia.
Kati ya mbao na bati, pale Kapufi alipoacha uwazi
kwa uvivu au kwa hekima, hatutajua,
kundi zima limeshaingia, linavuma
kama watu wanaosogeza fanicha.
Nta ya miaka kumi na tisa iliwaita kwa majina.
Hawakuuliza bei. Hawakukagua sakafu.

Nikampigia Twalibu.
Nikamwambia la zamani halipo tena sokoni, limepata wapangaji.
"Wametoa ngapi?"
Bado, mwanangu. Wametuambia tuje Juni.

Usiku ule tulilala ndani ya lile jipya, hapohapo uani,
miguu ya Msonde nje, nimeivika gunia.
Hatukupata usingizi mapema.
Tulikuwa tunasikiliza upande wa pili wa uzio.