Gramu Mia Mbili na Kumi

Saa kumi na moja alfajiri, maabara ya Ibra.
Sista Liji ananikabidhi ndoo nyeupe yenye kifuniko.
"Ya Salha," asema, kwa Kiarabu chake cha Kerala,
hajui kuwa Salha ni wifi yangu,
kwamba juzi nilimpelekea halua akaisukuma sahani,
akasema anaona vimulimuli mchana kweupe
na pete haitoki kidoleni.
Nikacheka. Mimi, mwenye cheti ukutani, nikacheka:
"Mimba ya kwanza hiyo, utazoea."

Nafunua. Nakausha damu. Naweka kwenye mizani.
Mia mbili na kumi.
Kondo limekonda.

Bi Zeyana, mama yetu, mzaliwa wa Wete,
alinifunza mizani kwa kugonga kidole mezani:
nane, pumua, nane;
ukipunguza moja, ubeti unachechemea.
Akanifunza pia kwamba kondo, kwa watu wa kale, ni vita.
Sikuuliza vita vya nani na nani.

Nakata vipande vya kuhifadhi.
Hadubini itavipata wiki ijayo,
lakini najua nitakachokiona: falaji iliyoachwa njiani.
Wiki zile za mwanzo seli za kondo hushuka
kama wachimbaji, kwa viganja na magoti,
huingia kwenye mishipa ya mama iliyojisokota,
huipanua, hulainisha kingo,
hata damu ipite polepole, ilifikie shamba la mwisho.
Hizi zilifika nusu ya njia, zikaweka majembe chini.
Mfereji ukabaki mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.

Mtoto akaomba.
Kondo likaandika.

Ndiyo kazi yake, ni karani huyu,
huandika homoni usiku na mchana:
legeza misuli, bakisha sukari, usimfukuze mgeni,
na mwili wa mama husoma, hutii.
Ila karani mwenye njaa huvuruga posta.
Likatengeneza masanduku ya barua yasiyo na ukuta,
likayaachia yaelee kwenye damu ya Salha,
yakadaka kila neno la upole lililokuwa linaelekea kwenye mishipa.
Mishipa ikangoja. Kimya.
Na mshipa usioambiwa "tulia" hujikunja kama ngumi.

Mia na themanini.
Protini kwenye mkojo.
Vimulimuli.

Nataka kulichukia pande hili la nyama, nashindwa.
Lilikuwa linampigania mtoto kwa lugha pekee lililoijua,
na kila neno lilimwangukia mama.

Tiba yake haijabadilika: litoke.
Limetoka saa tisa na dakika tano, pamoja na binti
wa kilo moja na robo, yumo kwenye kisanduku cha joto,
ngumi yake haizidi tende ya khalasi.
Salha bado ana mrija wa magnesi mkononi.
Mia na hamsini na tano, ilipoulizwa mara ya mwisho.
Wanasema kutoka kwake si kumalizika kwake,
barua zilizokwisha tumwa hazirudishwi,
zinaendelea kuwasili.

Bi Zeyana yuko mlangoni na kitambaa cheupe.
Anataka akalizike chini ya mlimau
kabla jua halijaanza ukali wake.
Natia saini, namkabidhi ndoo.
Anafunua, anatazama, ananitazama.

"Mbona umelikata?"

"Nilikuwa nalisoma, mama."

"Linasemaje?"

Nafungua kinywa, nina maneno yote ya chuoni,
hakuna hata moja linaloweza kuvuka meza.
Anarudisha kifuniko, anakibana kwa kiganja.
Kidole chake kinaanza kugonga pale juu, taratibu,
nane,
anapumua,
saba.